UZI: Kampala–Mwanza kwa gari dogo mkiwa na mtoto mchanga (njia, makaratasi, kiti, maziwa)

Mwanakagera_KLA
Wakuu, kila Desemba ikikaribia swali ni lile lile kwenye magrupu ya Watanzania tulioko Kampala. Mtoto ana miezi mitano au minane, bibi yake yuko Mwanza na hajamwona, gari lipo, safari inapangwaje? Majibu huwa yanapotea. Tuyaweke hapa. Naanza na njia, wenye ujuzi wa mengine wajazie.

Kampala hadi Masaka ni kama km 130, Masaka hadi Mutukula (mpakani) kama 90, Mutukula hadi Bukoba kama 80. Hiyo ndiyo siku ya kwanza, na iishie hapo. Siku ya pili ni Bukoba, Muleba, Biharamulo au Chato, Geita, Sengerema, Busisi, Mwanza. Hesabu km 400 na ushee. Kuna watu wataandika hapa chini kwamba dereva mzuri anazimaliza km 700 kwa siku moja. Dereva anaweza. Mtoto hawezi, na safari hii inapimwa kwa muda anaokaa kwenye kiti chake.

Kanuni ni saa mbili kwenye kiti, kisha anatolewa, ananyooshwa mgongo, ananyonya, anabadilishwa. Kwa mtoto wa chini ya mwezi mmoja ni nusu saa tu, kwa hiyo huyo abaki nyumbani, bibi ndiye aje. Ukizigawa km 300 za siku ya kwanza unapata vipande vinne:

Kampala–Kayabwe, pale kwenye ikweta. Ondoka saa kumi na moja alfajiri mtoto akiwa bado usingizini. Ukichelewa hadi saa moja, foleni ya Busega na Kyengera itakula saa mbili zako za kwanza kabla hujafika hata Mpigi.
Kayabwe–Kyotera. Lukaya mnaipita tu. Wauza mishikaki wataning'inia dirishani, funga vioo upande wa mtoto.
Kyotera–Mutukula, kipande kifupi. Mnyonyeshe kabla hamjaingia mpakani, maana humo ndani muda si wako.
Mutukula–Bukoba kupitia Kyaka.

Mkitoka saa kumi na moja, mpakani mnafika kama saa tano, Bukoba saa nane au tisa. Kuna mwanga wa kutosha hata mkipasua tairi.

Siku ya pili imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025. Zamani foleni ya kivuko ndiyo ilikuwa inaamua mtoto atakula saa ngapi.

Usukani
Naongezea kuhusu mvua. Njia ya Masaka inapita kwenye mabwawa ya Lwera na Katonga. Mei 2023 maji yalikata daraja la Katonga, magari yakazungushwa Mpigi–Kanoni–Sembabule–Villa Maria hadi Masaka. Ni mzunguko mrefu sana ukiwa na mtoto anayelia. Kama mnasafiri Machi hadi Mei, au Oktoba na Novemba, ulizeni hali ya barabara jioni ya kabla ya safari, na maji ya moto na maziwa myabebe kwa hesabu ya siku nzima, siyo ya masaa matano tu.

Upande wa Tanzania ukiona kibao cha 50, maanisha 50. Kila kijiji kina kibao na tochi za kupimia mwendo ziko nyingi. Trafiki atauliza pia mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari mbili. Viwe juu ya mizigo, siyo chini ya begi la pampasi.

Usiku hapana. Kati ya Biharamulo na Geita malori yaliyoharibika huachwa barabarani yakiwa na matawi tu kama alama.

KaratasiMkononi
Makaratasi ndiyo yanayochukua wiki, mengine yote ni ya siku moja. Anzeni mapema.

Mtoto awe na hati yake ya kusafiria. Mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa Uganda ni Mtanzania kwa kurithi, lakini afisa dirishani hapimi damu, anaangalia karatasi. Mlolongo ni huu: taarifa ya kuzaliwa kutoka hospitali, cheti cha kuzaliwa kutoka NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili ya Uganda), halafu ubalozi wa Tanzania Kampala kwa pasipoti au hati ya dharura. Ukichukua hati ya dharura soma tarehe ya mwisho na nchi zilizoandikwa, kwa sababu lazima mrudi nayo.

Kinachokwamisha wengi ni majina. Hospitali ikiandika "Mohamedi" na pasipoti ya baba inasema "Mohamed", lirekebisheni kabla cheti hakijachapwa. Baadaye ni kiapo, muhuri na foleni nyingine. Angalieni pia kama mtoto ana kibali cha mtegemezi hapa Uganda. Kukishughulikia Kampala ni rahisi kuliko kujieleza mpakani huku foleni inasukuma nyuma.

Mzazi mmoja akisafiri peke yake abebe barua ya ridhaa ya mwenzake iliyothibitishwa na wakili, na nakala ya kitambulisho cha aliyeandika. Si kila afisa anaiuliza. Anayeiuliza hamwachi mtu.

Dada wa kazi: hapa watu wanakwama kila mwaka. Mganda anavuka kwenda Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo kwenye mpango huo. Dada lazima awe na pasipoti au hati nyingine halali ya safari, la sivyo ataishia Mutukula na nyie mtabaki na mtoto bila msaidizi.

Gari: kadi halisi ya gari, na kama si jina lako, barua ya mwenye gari iliyothibitishwa. Gari la mkopo linahitaji barua ya benki. Bima nunua ile Kadi ya Njano ya COMESA kwa kampuni yako ya bima Kampala, uhakikishe Tanzania haijakatwa kwenye orodha ya nchi. Inalipa madhara ya watu wengine, haitengenezi gari lako. Msiichanganye na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nayo ni ya njano na nayo inaulizwa hapo hapo.

Mutukula ni kituo kimoja cha pamoja. Ukienda Tanzania unapita jengo la Uganda bila kusimama, unamalizana na wote wawili upande wa Tanzania. Wakati wa kurudi ni kinyume chake. Wazazi wagawane: mmoja na pasipoti zote kwa uhamiaji, mwingine na mtoto kivulini, halafu mtoto anapelekwa dirishani akihitajika kuonekana.

MamaPacha_Ntinda
Nyongeza muhimu ambayo haisemwi: Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019. Ule mfuko wa duka uliojaza pampasi chafu unaweza kukutia matatani, au angalau utaambiwa uumwage hapo hapo. Beba mifuko miwili ya kitambaa kisichopitisha maji yenye zipu, mmoja wa pampasi, mmoja wa nguo zilizotapikiwa.

Pampasi: hesabu moja kila saa mbili na nusu mkiwa njiani, kisha ongeza tatu za dharura. Kwa siku ni nane hadi kumi kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Msibebe za mwezi mzima, Bukoba na Mwanza zinauzwa. Saizi mpande moja juu kama mtoto yuko mwishoni mwa uzito ulioandikwa kwenye pakiti, kwani akikaa kwenye kiti mkojo unasukumwa nyuma na pampasi iliyobana huvujia mgongoni.

Kubadilisha fanyeni kituo cha mafuta au kwenye buti la gari lililoegeshwa mbali na lami, mtoto akiwa upande wa shamba. Siyo kwenye kiti cha mbele injini ikinguruma na malori yakipita.

Byamukama75
Kwani basi lina ubaya gani? Mabasi ya Kampala yapo, mama anampakata mtoto, wanalala, wanaamka wamefika.

Fundi_Kisekka
Ubaya ni hesabu tu. Mtoto wa kilo 7, gari likiwa 50 kwa saa na likasimama ghafla ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, anavuta kuelekea mbele kama mzigo wa kilo 100. Hakuna mikono ya mama inayoshika kilo 100. Na kumfunga mtoto na mama kwenye mkanda mmoja ni mbaya zaidi, mama anageuka kuwa nyundo. Kwenye basi kiti cha mtoto hakifungiki maana mikanda mingi ni ya kiunoni tu, kama ipo.

Sasa kiti chenyewe, maana hapa ndipo pesa inapotupwa.

Vingi vinavyouzwa Kampala ni mitumba ya Ulaya, Japani na Marekani. Si vibaya vyote. Kabla ya kulipa geuza kiti chini, tafuta stika ya kiwango: ECE R44/04 au R129 kwa vya Ulaya. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Vingi vina maisha ya miaka 6 hadi 10 kwani plastiki hukauka. Toa kitambaa chote uangalie ganda: mstari mweupe kwenye plastiki ni ufa. Vuta kamba za mabegani, zisiwe na nyuzi zilizochomoka. Bonyeza kifungo cha kati mara kumi. Kikikwama hata mara moja kiache. Muuzaji asiyekubali ukitoe kitambaa ana anachojua.

Mtoto wa umri huu anatazama nyuma. Kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Akitazama mbele gari likigonga shingo inabeba kila kitu, akitazama nyuma ganda la kiti linapokea mgongo mzima. R129 inataka hivyo mpaka angalau miezi 15. Na kamwe asiwekwe kiti cha mbele chenye eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) inayofanya kazi. Eabegi ikifyatuka inapiga mgongo wa kiti kwa nguvu ya kumuua.

Kufunga kwenye magari yetu: Japani ilianza kulazimisha ISOFIX (vyuma vya kunasia kiti cha mtoto) 2012, kwa hiyo Premio, Wish au Noah ya miaka ya 2000 inaweza isiwe nayo. Pitisha vidole kati ya kiti na mgongo wake, utasikia vyuma viwili vya pau. Visipokuwepo tumia mkanda. Pima mkanda kabla ya kununua kiti, kwani viti vya kutazama nyuma vinakula mkanda mrefu: unapita mapajani kisha unazunguka mgongo wa ganda. Kwenye gari nyingi kuukuu haufiki, ulimi wa mkanda unabaki unaelea sentimita kumi kutoka kwenye kifungo chake. Mkanda wa kiunoni wa katikati haufai kwa viti vya aina hii.

Ukishafunga, weka goti kwenye kiti, kaza mkanda, kisha shika kiti pale mkanda unapopita ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza zaidi ya sentimita 2.5, rudia. Kamba za mtoto zitokee usawa wa mabega au chini kidogo. Zibane hivi: jaribu kubana utepe begani kwa vidole viwili; ukipata mkunjo bado ni legelege.

Mlalo wa kiti nao una maana. Kikisimama wima mno kidevu cha mtoto kinagusa kifua na njia ya hewa inajikunja kimya kimya. Kikilala sana, akigongwa anapanda juu. Kwa mdogo lenga nyuzi karibu 45. Viti vya magari mengi vimeinama kwa nyuma, hivyo taulo lililokunjwa kama gongo linawekwa chini ya kiti pale kinapokutana na mgongo wa gari, kama kitabu cha kiti kinaruhusu. Msiongeze mito ya duka kichwani wala jaketi nene chini ya kamba. Baridi ya alfajiri ya Masaka inatibiwa kwa blanketi juu ya kamba zilizokwisha kubanwa.

Byamukama75
Nimeelewa mkuu. Basi nimeliacha.

NesiNyendo
Fundi amemaliza ya kiti, mimi niseme ya tumbo na homa.

Anayenyonya ziwa ni rahisi kuliko wote, ila msimnyonyeshe gari likitembea. Simameni, mtoe kwenye kiti, anyonye, mbebe wima dakika 20, kisha arudi. Ukimrudisha papo hapo atatapika mkiwa Kyotera mjini. Chini ya miezi sita hapewi maji hata jua likiwaka. Anyonye mara nyingi zaidi.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa: saa 4 nje ya barafu kama joto halizidi nyuzi 25, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hilo linapitwa ndani ya dakika chache. Kwenye kiboksi cha barafu chenye pakiti zilizogandishwa kabisa yanafika saa 24. Kiboksi kikae chini ya miguu, siyo kwenye buti juu ya bomba la moshi.

Maziwa ya kopo: msichanganye nyumbani mkabeba chupa tano tayari. Hilo ndilo kosa linaloleta kuhara njiani, bakteria wanaongezeka kwenye maziwa vuguvugu. Chemsha maji saa kumi alfajiri, jaza themosi ya chuma ya lita moja iliyosuuzwa kwanza kwa maji ya moto. Unga upime mapema kwenye vikopo vikavu, kila kopo mlo mmoja, kwa vijiko na maji kama kopo la kiwandani linavyosema. Wakati wa kula changanya na maji yasiyopungua nyuzi 70, maana unga wenyewe si salama kabisa na joto hilo ndilo linaloua vijidudu, halafu poza chupa kwenye jagi la maji baridi na udondoshee kwenye kiwiko. Kilichobaki saa moja baada ya kuanza kunyonya kimwagwe. Maji ya themosi yakishapoa, kituo cha mafuta chenye mgahawa watakuchemshia. Omba yachemke mbele yako.

Waliofikisha miezi sita na kuanza chakula: bogoya (ndizi za kuiva) na parachichi. Havihitaji friji, vina ganda lao, unaponda na kijiko. Asali hapana mpaka mwaka.

Dawa za kubeba: ORS (unga wa chumvi na sukari kwa anayehara) pakiti nne (moja kwa lita moja ya maji safi, iliyochanganywa inatupwa baada ya saa 24), zinki, paracetamol ya maji, kipimajoto, na bomba la kupimia dawa. Mwenye chini ya miaka miwili hupewa ORS mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji, kwa kijiko. Zinki ni mg 10 kwa siku chini ya miezi sita, 20 kwa mkubwa, siku 10 hadi 14. Paracetamol inapimwa kwa uzito, mg 10 hadi 15 kwa kilo: syrup ya mg 120 kwa ml 5, mtoto wa kilo 8 asizidishe ml 5, kila baada ya saa 6, zisizidi dozi nne kwa siku. Chini ya miezi mitatu mwenye homa ya 38 na kuendelea haendi Mwanza, anakwenda hospitali iliyo karibu: Masaka, Bukoba au Geita, zote zina hospitali ya rufaa ya mkoa.

Homa njiani ni malaria mpaka kipimo kikatae. Mkoa wa Kagera, Geita na kandokando yote ya ziwa ina mbu. Bebeni chandarua chenu chenye dawa, cha gesti mara nyingi kimetoboka.

Anayeuliza_Makindye
Dada NesiNyendo, mtoto wangu atakuwa na miezi saba. Homa ya manjano je? Na kuna kamera ya joto mpakani?

NesiNyendo
Chanjo ya homa ya manjano kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi tisa, kwa hiyo wa miezi saba hadaiwi. Beba kadi yake ya kliniki inayoonyesha tarehe ya kuzaliwa. Nyie wazazi mnadaiwa, na mkichanja sasa cheti kinaanza kufanya kazi baada ya siku 10. Kikishapatikana ni cha maisha.

Vipimo vya joto vipo na havichezewi: Uganda ilikuwa na Ebola 2022 na Januari 2025, Kagera ikawa na Marburg Machi 2023 na tena Januari 2025 Biharamulo. Sasa mtoto aliyefunikwa blanketi mbili kwenye gari lenye jua atasoma 37.8 bila ugonjwa wowote, na mtakaa pembeni. Dakika 20 kabla ya Mutukula mfunue, mpe ziwa, fungueni vioo. Chanjo za kawaida za mtoto nazo huleta homa siku moja au mbili, kwa hiyo kama tarehe ya kliniki inagusa safari, achomwe siku tatu kabla, siyo jana yake. Miezi saba pia inaweza kuangukia dozi ya pili ya chanjo ya malaria kama aliianza akiwa na sita. Muulize nesi wa kliniki yako asije akairuka.

Mluhya_Bugolobi
Na sisi wa Kenya? Tunaenda Kakamega na mtoto wa miezi nane.

Usukani
Kaka, ya kwenu ni siku moja. Kampala–Jinja–Iganga–Busia ni kama km 200. Gari dogo pita Busia. Malaba foleni ya malori hufika mbali na askari hawakupishi kwa sababu una mtoto. Simameni Jinja baada ya daraja, kisha Bugiri. Ondokeni alfajiri vile vile, maana Mukono na Mabira malori ya miwa na mafuta yakishaamka hamtayapita. Mifuko ya plastiki Kenya ilikatazwa tangu 2017, ushauri wa MamaPacha unawahusu. Bima ni ile ile ya COMESA.

Anayeuliza_Makindye
Swali la mwisho: kivuli cha dirisha. Wengine wanafunika kiti chote kwa leso.

Fundi_Kisekka
Leso juu ya kiti hapana, inageuza kiti kuwa jiko na hamumwoni mtoto. Nunueni wavu mweusi wa kunasa kwenye kioo. Kile chenye vikombe vya kunyonya kikipata joto kinadondoka, chukueni cha kuvalisha mlango mzima kama soksi. Kiyoyozi kisimpulize usoni, kielekezeni kwenye dari. Na mmoja wenu akae nyuma pembeni yake muda wote. Kioo cha kumtazamia kinachofungwa kichwani mwa kiti kikilegea kinaruka kama jiwe.

KaratasiMkononi
Mkiwa Mwanza msisahau kibali cha muda cha gari mlichopewa forodhani. Kina tarehe. Mkiona bibi amekataa kumwachia mjukuu na siku zinaongezeka, nendeni TRA (mamlaka ya mapato) kabla hakijaisha, siyo baada. Na wakati wa kutoka Mutukula hakikisheni afisa amekifunga kwenye mfumo, msiondoke kwa kupungiwa mkono tu. Kisipofungwa gari linahesabika bado liko Tanzania, na safari ijayo mtasimamishwa hapo hapo mtoto akiwa na njaa.